Jino Lililong'olewa Bure

Nyumba ya nyuma ya karakana ya sare,
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nikuambie kwanza ninachokisikia hapa ninapoandika. Chaka, chaka. Mara mbili, kisha kimya, kisha mara mbili tena. Ni vifungo vitatu vya shati ndani ya kichupa cha plastiki, na mkono unaokitikisa ni wa kaka yako. Ndivyo anavyoniita siku hizi. Nimekwenda, nimempa maji, nimerudi. Uniwie radhi kama sentensi zangu zitakatika katikati, si mimi ninayezikata.

U hali gani? Magoti yanasemaje? Bado mafaili yanakupandisha ghorofa ya tatu na kukushusha kama ndoo ya kisimani? Natumaini barua hii imekukuta umekaa. Nina sababu ya kutamani hivyo, utaiona.

Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunaamka. Mama anakusalimu sana. Ameondoa chumvi nyumba nzima, na sasa sote tunakula chakula chenye ladha ya sufuria, wenye dhambi na wasio na dhambi.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kama ulivyokusudia. Nitalifikia lile jambo la jino. Kwanza niruhusu nikupe habari za Baba kama zilivyokuwa, kwa sababu najua Mama alikwambia kwenye simu kwamba alizidiwa kidogo kazini. Hakuzidiwa kidogo.

Unakumbuka mwaka jana alivyoanza kubanwa kifua kila alipopanda kutoka stoo na robota la kaki begani. Alikuwa akisimama dakika mbili, anajifanya anahesabu ngazi, maumivu yanaondoka, anaendelea. Akayaita kiungulia. Babu naye alikuwa na kiungulia hichohicho, akafa nacho mezani, mkono bado umeshika kijiko, akiwa na miaka hamsini na miwili, na ukoo mzima ukasema ni gesi. Sisi ni watu wa gesi, Shangazi. Tumezikana kwa gesi vizazi viwili.

Mama ndiye aliyemburuta hospitali. Daktari wa moyo, mwanamke mfupi asiyecheka, alimfunga nyaya kifuani akamtembeza juu ya mkanda unaokimbia mpaka uso ukawa rangi ya majivu. Kisha akatuchorea. Moyo, alisema, unaugawia damu mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na mishipa myembamba kama mrija wa kunywea soda. Ya Baba ilikuwa imevaa mafuta kwa ndani, kama bomba la sinki la jikoni. Akikaa, kile kidogo kinachopita kinatosha. Akipanda ngazi, moyo unadai zaidi, mrija hautoi, na hapo ndipo unapolia. Ukitaka kumjua mgonjwa wa namna hii, alisema, muulize maumivu yanakuja lini na yanaondoka lini. Yanayokuja na ngazi na kuondoka na kupumzika si ya tumbo.

Akampa vidonge vya kila siku, cha mafuta, cha presha na cha kuzuia damu isigande. Akamkataza sigara. Akamwambia atembee kila siku mwendo wa kadiri, apunguze tumbo, apunguze chumvi. Na akampa vile vidogo vya kuweka chini ya ulimi, ndani ya chupa ya kioo ya kahawia. Kimoja, ukiwa umekaa, alisema. Dakika tano zikipita maumivu hayajaondoka, usingoje, njoo.

Wewe ukatuma ujumbe wako wa sauti. Nauhifadhi mpaka leo kwenye simu. Unasema, ukicheka, "Mwambieni kaka, moyo ambao haujawahi kutumika kumhurumia mtu umechakaaje?" Baba aliusikiliza karakana nzima ikisikia. Mafundi walicheka hadi cherehani zikasimama. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Kesho yake aliacha kuiweka chupa ya kahawia mezani.

Sikulaumu. Nafuta hayo niliyoandika, nakulaumu kidogo. Nitajilaumu mimi zaidi, usijali, fungu lako litabaki dogo.

Alikuja kwangu na chupa mfukoni akaniuliza kama hakuna kitu kingine cha kuwekea dawa, kitu ambacho mtu akikiona hataona ugonjwa. Mafundi walikuwa wameanza kumwita Baba Chupa. Nilimwelewa upesi mno. Karakana yetu unaijua: hakuna kitu kinachokaa kwenye pakiti kilichokuja nayo. Sindano ziko kwenye kopo, zipu kwenye ndoo, na vifungo kwenye vichupa vyembamba vya plastiki, vya kuona ndani, vimening'inizwa kwa uzi ukutani kwa mpangilio wa rangi. Nikavimwaga vidonge ndani ya kichupa kimoja, nikakitundika kati ya vifungo vyeupe na vya maziwa, juu ya meza ya pasi. Vilionekana kama vifungo vya shati la mtoto mchanga. Baba akakitikisa sikioni, chaka, chaka, akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama hata siku nilipoleta shahada. "Una akili," alisema.

Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi niliikunja mara nyingi nikaiweka chini ya mguu wa meza ya kukatia, ule uliokuwa ukicheza. Meza ikatulia. Tukafurahi.

Sasa nikupeleke kwenye siku yenyewe. Ilikuwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, kaki imejaa mpaka dirishani, nami niko likizo, nimekaa pembeni nikipanga lebo za saizi. Sheria ya sumaku unaijua, maana aliitunga kaka yako huyohuyo: anayekaa kabla ya robota la asubuhi kwisha anapewa sumaku, anapiga magoti, anaokota pini sakafuni mbele ya wote. Miaka yote hiyo Baba hakuwahi kukaa. Yule mzee wa kushona matundu ya vifungo, Matundu, mwenye goti bovu, amepiga magoti zaidi ya yeyote. Baba alikuwa akimpitia juu na mkasi mkononi na kumwambia, "Pole pole, mzee, pini hazikimbii."

Saa tatu hivi nilimwona Baba ameegemea meza kwa viwiko vyote viwili. Hakukaa, aliegemea. Jasho lilidondoka juu ya kaki na kuacha madoa meusi, na yeye akayapaka chaki ili mtu asiyaone. Nilidhani ni joto la pasi. Aliendelea kukata kwa muda, mkasi ukienda kombo, na nilikumbuka baadaye kwamba sijawahi kuuona mkasi wake ukienda kombo. Kisha akavuta kiti akakaa.

Matundu akainuka polepole, na lile goti lake, akaenda kwenye ndoana, akaichukua sumaku akamwekea Baba mapajani kama mtu anayemlaza mtoto. Akasema, "Pole pole, bosi. Pini hazikimbii."

Walicheka, Shangazi. Baba naye alicheka, mkono wa kushoto umeshika kifua, wa kulia umeshika sumaku. Mimi nilicheka kwa sauti. Nilikuwa nimeingoja siku ile tangu utoto, bila kujua kama naingoja.

Akanyoosha kidole ukutani, nikampa kichupa. Chaka, chaka, kikatoka kidonge, akakiweka chini ya ulimi. Alikuwa amewahi kuniambia kwamba kile kidonge kina ukali kama pilipili na kinapasua kichwa, na kwamba ndivyo anavyojua kinafanya kazi. Safari hii alifumba mdomo, akangoja, akafungua.

"Leo haina ukali," alisema.

Nami, mwalimu wa kemia, nilimjibu hivi, nakunukulia neno kwa neno ili lisije likabadilika mdomoni mwangu nikizeeka: "Labda ulimi umeizoea."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini, wakati mimi ndiye niliyesoma? Akaweka cha pili. Tukangoja. Cha tatu. Mafundi wakarudi kwenye cherehani zao, wengine wakaendelea kumtania kwamba bosi anamung'unya vifungo. Cha nne. Kila kimoja kilimpa dakika kumi za matumaini, na matumaini ndiyo yaliyotukalisha pale. Alipotapika juu ya robota la kaki ndipo tukaacha kucheka. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. Tulimlaza nyuma ya pikapu ya kupelekea sare, kichwa juu ya mafurushi ya kaptura, saizi nane na saizi kumi.

Hospitalini daktari yuleyule aliomba aone dawa aliyomeza. Nikampa kichupa. Akavimwaga viganjani, akavinusa, akauliza nani alivitoa kwenye chupa. Baba alikuwa na barakoa ya hewa usoni na nyaya kila mahali, na nilidhani hasikii. Aliinua mkono kutoka kitandani, akaninyooshea kidole.

Daktari hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alinieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Dawa ile huruka kama manukato. Plastiki huinyonya, joto huifukuza, ndiyo maana ikawekwa kwenye kioo cha kahawia chenye kifuniko cha kukaza. Alichokuwa akiweka Baba chini ya ulimi kilikuwa sawa na chokaa tu. Ninafundisha vitu vinavyogeuka mvuke, Shangazi, kila mwaka, muhula wa kwanza. Nina hata wimbo wa kuwakumbushia.

Kisha akasema jambo jingine, na hili ndilo ninalotaka ulisikie vizuri. Hata vingekuwa vikali kama siku ya kwanza, visingefungua mshipa uliokwisha ziba kabisa. Kilichomla ni kusubiri. Tungemfikisha ndani ya dakika kumi, angesukumiwa mapema kile kijibomba cha waya kinachopitishwa mkononi hadi moyoni kuutanua mshipa, na angekuwa kwenye meza yake ya kukatia mwezi huo huo. Walimwekea, ndiyo, lakini upande mmoja wa moyo ulikuwa umekwisha kufa. Baba, alipoweza kusema, aliuliza kama hauwezi kutengenezwa. "Wewe fundi," daktari alimwambia, "msuli ukishakufa haushonwi."

Ndiyo hali. Anakaa dirishani. Miguu inavimba kufikia mchana, analala na mito mitatu, na kutoka kitandani hadi bafuni ni safari ya kupumzika mara moja njiani. Matundu huja kila siku kumletea mkasi ashike, kisha anaurudisha. Sumaku hakuna aliyeigusa tena. Kichupa alikiomba mwenyewe. Alimwagiza Mama amtilie vifungo vitatu, vya maziwa. Hajawahi kunisema hata neno moja kuhusu siku ile. Ananiita Mkemia. Chaka, chaka, "Mkemia, maji." "Mkemia, funga dirisha." Wageni wanadhani ni jina la fahari, wananipongeza.

Zamani nilikuwa naogopa kwamba Baba hanijui. Sasa ananijua kabisa. Ni ajabu jinsi jambo hilo linavyochosha.

Nimerudi. Alitaka mto.

Haya, sasa jino. Uliniandikia kwa vichekesho vyako kwamba tangu mvua za mwisho taya la kushoto linakuuma ukipanda ngazi za ofisini, na kwamba unasimama ghorofa ya pili kujifanya unasoma ubao wa matangazo, tangazo lilelile la mwaka juzi la kupotea kwa ufunguo wa choo, mpaka maumivu yaishe, kisha unapanda. Ukaenda kwa daktari wa meno. Akang'oa gego. Ukaniandikia kwamba lilitoka zima, jeupe, kama la bibi harusi, na kwamba taya bado linauma, ila sasa linauma bila jino. Ukaniuliza kama jino linaweza kudai kulipiziwa kisasi. Ukamalizia: "Usimwambie mtu, hasa binti yangu. Atanifanya mgonjwa. Niapie."

Nilikuapia. Uliniambia nikupigie simu nikiapa, nikakupigia, nikaapa.

Shangazi, soma tena kile alichosema daktari kuhusu yanayokuja na ngazi na kuondoka na kupumzika. Halafu mtazame kaka yako akihesabu ngazi za stoo, na ujitazame wewe ukisoma habari za ufunguo wa choo. Mmezaliwa na baba mmoja, mkanyonya ziwa moja, na hata ujanja wenu wa kusimama ni mmoja. Ugonjwa huu haumpigi hodi kila mtu kifuani. Kwa wanawake mara nyingi zaidi hupitia uchochoroni: taya, mgongo, bega, tumbo kuchafuka, kuishiwa pumzi, uchovu usio na kazi. Ndiyo maana wanaong'olewa meno mazima. Una miaka hamsini na minne, presha unaipima siku ya kuhama nyumba, na unavuta sigara mbili kwenye mlango wa nyuma wa ofisi, ambazo unadhani hakuna anayezijua. Umemshinda Babu kwa miaka miwili. Usitambe.

Najua utasema unajisikia vizuri. Baba naye alikuwa akijisikia vizuri siku zote isipokuwa anapopanda. Mshipa wako bado haujaziba, ndiyo tofauti pekee kati yenu. Kwako bado kuna dawa za kumeza, kuna kuacha sigara, kuna kutembea, kuna kile kijibomba kikiwekwa mapema, mchana kweupe, mtu akiwa anaongea na daktari. Kwake kuna mito mitatu.

Pokea salamu kabla sijamaliza. Mama anakusalimu, anasema nguo yako ya buluu bado iko kwenye sanduku lake. Matundu anakusalimu kwa heshima, anauliza kama bado una ule mdomo. Mama Mdogo na mapacha wake wanakusalimu. Nisalimie Mjomba Redio, mwambie apunguze sauti asikie wanaomzunguka. Nisalimie na jirani yako mshona viatu. Mungu akulinde, na akikulinda, usimpe kazi ya ziada.

Limebaki la mwisho. Jumatano mchana nilimwendea Baba dirishani nikamwambia habari za jino lako. Nilimwambia pia kwamba nilikuapia, na kwamba nataka kuvunja kiapo. Kichupa kilikuwa mapajani mwake, pale pale sumaku ilipowekwa. Nilingoja anitukane.

"Mkemia," alisema, "safari hii umesoma karatasi kwanza?"

Nikamwambia nimesoma. Nimesoma ya dawa, nimesoma ya ugonjwa, nimemwuliza na daktari.

"Basi piga simu."

Nikampigia binti yako. Nilimwambia yote, ngazi, ubao wa matangazo, gego, sigara mbili. Nilimwambia kwamba uliniapisha, ili ajue kwamba aliyevunja kiapo ni mimi. Aliuliza tu barua hii itafika lini. Nikamwambia siitumi kwa posta.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyekupa bahasha, na ndiyo maana hajakaa chini tangu aingie. Alipanda basi jana yake, akaipitia barua kwangu, bila kukwambia. Ofisini kwako amekwisha omba ruhusa kwa jina lako. Daktari wa moyo anakungoja leo hii unaposoma, saa sita mchana, na gari liko nje. Usimtukane, hakufanya ila nilichomwomba. Matusi yote ni yangu, niandikie, nitayasoma. Ukikunja karatasi hii, mpe mkoba wako aubebe. Mkikuta ngazi huko, pandeni polepole, na taya likianza kuuma usitafute tangazo la kusoma. Kaa chini, useme.

Ni mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata kama kuanzia leo wewe hutanipenda,

Mkemia